Tupeane uzoefu: siku mchoro wa shughuli ulipokutoa jasho kwenye baridi ya Mbeya

Mzee wa Uyole: Wakuu, poleni na baridi. Leo kijana wa field kaniletea mchoro wa shughuli (hatua za kazi zilizounganishwa kwa mishale) wa pampu ya umwagiliaji, mpunga wa Mbarali, anauliza kwa nini hauendi. Nimecheka kwanza, maana hilo ni jeraha langu la 2019. Mishale miwili imeingia kwenye kitendo kimoja, "Washa pampu": mmoja unatoka kwenye saa, mwingine kwenye kitufe cha mkono. Yeye anasoma "saa AU kitufe". SysML, lugha tunayochorea mifumo, inasoma "saa NA kitufe", inasubiri tokeni (ishara ya kuendelea) za pande zote mbili. Kwa hiyo saa inafika, pampu imekaa inangoja mtu aje abonyeze. Mimi ilinila siku tatu, nikahisi hadi laptop imelogwa. Dawa yake ni kialmasi cha kuunganisha (umbo la almasi, mshale wowote ukifika unapita) kabla ya kitendo, basi. Haya, mwageni na nyie.

Mwanjelwa Kwanza: Siku tatu tu? Mimi semista nzima.

Kiazi Mviringo: Nilijua almasi ni ya maswali peke yake 😂

Binti Tukuyu: Mzee umenichokonoa. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ulikuwa usindikaji wa chai: kunyausha, kusaga, kuchachusha, kukausha, kuchambua. Shughuli moja, lakini michoro mitatu, kila mmoja unaonyesha upande wake. Siku ya kutetea nipo kwenye basi natokea Makambako, betri asilimia 11. Naona mchoro mmoja umebanana, nikasema "Kausha majani" niitoe hapa, kule kwingine ipo. Nikabonyeza kufuta. Kikaja kisanduku cha swali, nikakubali bila kusoma. Nikahifadhi, nikafunga, nikanunua mahindi pale Igawa.

Kufungua tena, "Kausha" haipo popote. Na mishale yake yote imeondoka nayo. Chai yangu inachachushwa halafu basi, imekaa hapohapo ibichi. Kumbe nimeifuta kwenye modeli yenyewe, ghala ambalo michoro yote inachota vitu, si kwenye mchoro. Na Ctrl+Z ukishafunga faili haikujui. Nililia wakuu, kilio cha sauti. Kaka wa siti ya pembeni akauliza, "Dada, umefiwa?" Nikamwonyesha. Akaniuliza swali moja tu: jana uliituma kwa nani? Nikakumbuka msimamizi nilimtumia nakala usiku. Akaniwashia intaneti ya simu yake kuanzia Chimala mpaka Uyole. Saa nane nilitetea, nikapita.

Kiazi Mviringo: Huyo kaka yuko wapi sasa hivi?

Mwanjelwa Kwanza: Achana na almasi, tunataka habari za kaka.

Binti Tukuyu: Alishuka Uyole.

Kiazi Mviringo: Bila namba?! Dada umefuta mara mbili siku moja.

Fundi Mafinga: Ndiyo maana nasema kila siku, chora kwenye karatasi kwanza. Karatasi haina kisanduku cha swali.

Mwanjelwa Kwanza: Karatasi itakuambia saa ngapi kwamba pampu inasubiri tokeni mbili? Fundi, hizo ni enzi za mashine ya chapa.

Fundi Mafinga: Enzi za mashine ya chapa tulimaliza kazi.

Kiazi Mviringo: Turudi kwenye mada. Mimi nachukua kila kitu kwenye paleti, ile safu ya maumbo ya kuchorea, nasafisha mwisho.

Binti Tukuyu: Ndiyo maana una Pampu, Pampu1 na Pampu2. Kama kitu kipo kwenye mti wa modeli, ile orodha ya vitu vilivyomo tayari, kiburute kutoka huko. Paleti inazaa kipya kila ukigusa.

Mwanjelwa Kwanza: Na nyie mnaochorea kwa programu ya Papyrus, mkitumiana modeli tumeni mafaili yote matatu. Kuna mtu alinitumia lile la .di peke yake, nikafungua patupu, tukanuniana wiki.

Mzee wa Uyole: Mrejesho: kijana kaweka kialmasi, pampu imewaka. Ila inazimika kabla maji hayajafika shambani 😅 Mshale wa taa ya onyo kaupeleka kwenye lile duara lenye jicho, taa ikimaliza, shughuli nzima inakufa.

Binti Tukuyu: Ampe duara lenye msalaba ndani. Hilo linamaliza mshale wake tu.

Fundi Mafinga: Kwenye karatasi angeliona.