Mafuta ya kukaangia yaliyotumika kwenye injini ya mashine ya kusaga: nifanyeje, na dawa ya chupa inasaidia?

MsagishajiPongwe (mwuliza swali)

Salaam kwenu nyote. Nina mashine ya kusaga nafaka hapa Pongwe, Tanga, inayoendeshwa na injini ya dizeli ya silinda moja inayopozwa kwa maji. Shemeji yangu hukaanga samaki Ngamiani, na kila wiki hubakiwa na ndoo mbili za mafuta yaliyokwisha kutumika. Tangu mwezi wa tano nayachuja kwa kipande cha kanga na kuyachanganya na dizeli, sehemu moja kwa nne, na kwa wiki tatu za mwanzo sikuona tofauti yoyote isipokuwa harufu ya samaki uani. Bei ya dizeli ikanitia tamaa, nikaongeza hadi nusu kwa nusu. Sasa, mwezi huu wa Julai, injini haiwaki asubuhi mpaka nipige hendeli hadi mkono uchoke, moshi huwa mweusi kila mahindi yanapoingia kwa wingi, na kinu hupungua kasi.

Muuza vipuri amenipa chupa ya dawa ya kusafisha nozeli (kile kidude kinachonyunyizia mafuta ndani ya silinda) na kuongeza nguvu. Naomba kujua kama kosa ni mafuta yenyewe au ni kipimo, na kama dawa hiyo itanitoa hapa. Lipo pia jambo linaloninyima usingizi: kina mama wanaosubiri unga huketi karibu na bomba la moshi, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Nataka kujua wanavuta nini.

FundiPampu_Chumbageni

Ndugu yangu, usimimine dawa hiyo kabla hujaifungua nozeli. Mafuta ya kupikia ni mazito mno kwa pampu yako. Dizeli ikitoka kwenye nozeli nzima huwa ukungu laini ambao ukiushika kwa karatasi unaacha duara moja lililosambaa sawasawa. Mafuta mazito hutoka kama michirizi, matone yake ni makubwa, nayo hupiga kichwa cha pistoni na kuta za silinda kabla hayajaungua. Yasiyoungua hugeuka masizi magumu. Nimefungua nozeli nyingi za namna hiyo, na tundu huwa limezungukwa na kaa jeusi lililochanua kama kofia ya uyoga, ambalo haliondoki kwa kidole wala kwa petroli.

Kinachonitia hofu zaidi ni ringi, zile pete zinazoziba nafasi kati ya pistoni na silinda. Chomoa stiki ya oili asubuhi, injini ikiwa imepoa. Ikiwa oili imepanda juu ya alama ilhali hukuongeza, au inanuka kikaangio, basi mafuta mabichi yanapita kando ya ringi na kushuka chini, na huko huganda taratibu mpaka oili yote iwe kama uji. Mwaga oili hiyo leo, usingoje wiki iishe.

Dawa ya chupa, ikiwa ni ya kweli, ina sabuni inayolainisha uchafu mwepesi kwenye nozeli. Haiwezi kuyafanya mafuta mazito kuwa mepesi, wala haifungui ringi iliyokwisha kushikana na pistoni.

Mpita_Njia_Muheza

Kwa nini asiyapunguze uzito kwa mafuta ya taa? Hapa kwetu wapo wanaofanya hivyo na mashine zao zinazunguka.

MwalimuWaKemia

Nikianza na ndugu wa Muheza: mafuta ya taa hupunguza uzito kweli, lakini hayana ulainishaji wa dizeli, na pampu ya dizeli hulainishwa na mafuta yale yale inayoyasukuma. Utaiponya nozeli uiue pampu. Hiyo ni sababu mojawapo ya kuona uchakachuaji kuwa kosa zito, na mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kusimamia uwekaji wa vinasaba, yaani alama za kemikali, ili mafuta yaliyochanganywa yagundulike.

Ndugu wa Pongwe, mchanganyiko wako bado si dizeli ya mimea. Katika joto la nyuzi 40, dizeli ya kawaida ina mnato, yaani uzito wa kutiririka, wa kati ya milimita za mraba 2 na 4.5 kwa sekunde, ambapo mafuta mengi ya kupikia hufika 30 hadi 40. Ili yawe dizeli ya mimea ni lazima yatolewe maji, yapashwe moto na kuchanganywa na methanoli pamoja na kostiki soda, kisha yaachwe mpaka gliserini itulie chini na kutenganishwa, na yale ya juu yaoshwe. Hapo mnato hushuka hadi karibu 4 au 5. Sikushauri uifanye kazi hiyo nyumbani: mvuke wa methanoli ni sumu, mwali wake hauonekani vizuri mchana, na mafuta yaliyokaangiwa samaki yana maji na asidi nyingi, hivyo ukikosea kipimo utapata pipa la sabuni.

Watu hupenda kusema kwamba injini ya dizeli ilionyeshwa Paris mwaka 1900 ikitumia mafuta ya karanga. Ni kweli, tena iliendeshwa bila kurekebishwa. Lakini maonyesho hayakuwa miaka mitano ya kusaga mahindi. Ufilipino, yenye minazi kama pwani yetu, imeweka sheria ya kuchanganya mafuta ya nazi katika dizeli tangu mwaka 2007; ilianza na asilimia 1 tu, na nazi hiyo hupitishwa kwanza kiwandani.

Ugumu wako wa asubuhi nao una maelezo. Mafuta mengi ya kupima huganda meupe dukani msimu huu wa baridi, na hugandia vivyo hivyo ndani ya tangi na chujio lako. Fungua chujio kabla jua halijapanda, utayakuta.

Sasa suala la moshi, ambalo nakushukuru kwa kuliuliza. Dizeli ya mimea iliyotengenezwa vizuri ina oksijeni ndani yake, takribani sehemu moja ya kumi kwa uzito, kwa hiyo masizi hupungua. Uchambuzi wa mamlaka ya mazingira ya Marekani wa mwaka 2002, kuhusu injini za malori, ulionyesha kwamba dizeli iliyochanganywa na asilimia 20 ya dizeli ya mimea hupunguza chembe za moshi kwa asilimia 10 hivi, kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu, kwa asilimia 11, na mafuta yasiyoungua kwa asilimia 21. Oksidi za naitrojeni, ambazo huwasha mapafu, ziliongezeka kwa asilimia 2. Nguvu hupungua kidogo tu, pengine asilimia moja au mbili. Takwimu hizo hazikuhusu wewe, kwa sababu nozeli inayotema michirizi huibatilisha faida yote. Moshi wako mweusi ni chembe za masizi ndogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya pafu la mtoto.

Nahodha_wa_Sahare

Naongeza neno kuhusu dawa za kuongeza nguvu. Sisi wa injini za petroli tulitumia kwa miaka mingi petroli yenye madini ya risasi. Risasi iligunduliwa mwaka 1921 kuwa inazuia injini kugonga, na kwa hilo ilifanya kazi vizuri sana. Ubaya wake ulikuwa kwenye moshi na kwenye damu za watoto, na nchi za kusini mwa Sahara ziliacha kuiuza kufikia Januari 2006. Tangu hapo nikionyeshwa chupa huuliza mambo mawili: ina nini ndani, na kitu hicho kinatokea wapi kikishaungua. Muuzaji asipoweza kujibu, hainunuliki. Kuna viongezi vya maana, kama vile vya kurudisha ulainishaji wa dizeli yenye salfa ndogo, lakini hivyo huwekwa na wenye mafuta kabla hayajafika kituoni.

MsagishajiPongwe

Nawashukuru, hasa wewe Mwalimu. Nimefungua chujio saa kumi na mbili asubuhi: lilikuwa limejaa utando mweupe kama samli. Nozeli ilikuwa na kofia ile ile aliyoisema fundi, na oili ilikuwa imepanda upana wa kidole juu ya alama. Nimeimwaga, nimeosha tangi, nimebadilisha nozeli na kurudi kwenye dizeli tupu. Injini iliwaka kwa hendeli ya pili. Ringi zitafunguliwa Jumamosi. Bomba la moshi nimeliunganisha kipande cha futi nane hadi juu ya paa, na benchi la wateja nimelihamishia upande wa mwembeni, upepo unakotokea. Chupa nimeirudisha dukani. Ndoo mbili za wiki hii amezichukua mama jirani anayetengeneza sabuni.