Kioo cha nyuma bado cheusi lakini DUKA limefunguka! Msiwalipe hawa watu wa gemu la mbio!

Kona_Kali:

Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira mpaka vidole vinakosea herufi.

Wale jamaa wa gemu la magari, mnawajua, siwataji maana kuwataja ni kuwapa matangazo ya bure. Wale wa "lipia sasa bei iko chini, mengine yanakuja". Wale wenye ramani ya kazi ya rangi rangi ambayo kila kitu kinakuja "kiangazi". Kiangazi cha mwaka gani hawasemi. Kwa hawa watu dunia nzima haijawahi kupata masika!

Leo wametoa apdeti. Imekula bando lote, usiku kucha, mpaka watu wa nyumbani WhatsApp haiwafungukii. Nikasema sawa, safari hii lazima watakuwa wametengeneza kioo cha nyuma. Maana kioo cha nyuma cha hili gari ni cheusi tangu nilipolipia gemu. Cheusi tii! Siti wameichora mpaka uzi wa mshono unauona, boliti za usukani unaweza kuzihesabu moja moja, kioo giza.

Nafungua gemu. Kioo giza. Halafu pembeni kuna kitufe kipya kinang'aa rangi ya dhahabu. DUKA.

Wakuu, duka! Gemu halijaisha, wamefungua duka! Wanakuuzia magari ya ziada na rangi za kupaka magari, ndani ya gemu ambalo mvua haijawekwa, na wapinzani wote wakifika kona ya kwanza kwenye uwanja wa Monza wanasahau kwamba breki ipo.

Na duka linafanya kazi! Hapo ndipo wanaponimaliza. Usukani wangu niliouchomeka kwenye kompyuta unasahau mipangilio kila nikizima gemu, klachi inasomeka kama breki, menyu zinaganda. Duka haligandi. Nimebonyeza, limefunguka haraka kuliko mlango wa daladala ya Mbagala ikiwa haina abiria. Picha safi, bei zimepangwa, na kadi yangu wanaikumbuka. Usukani wangu hawaukumbuki, kadi wanaikumbuka!

Nikarudi barabarani hivyo hivyo. Uwanja wa Spa, napanda kile kilima cha Raidillon mguu umezama kwenye mafuta, nagongwa nyuma na gari ambalo sikuliona KWA SABABU KIOO NI CHEUSI. Nimezunguka mpaka ukutani. Mbio zimeisha, ukurasa wa matokeo unaniletea nini? Tangazo la duka.

Na asije mtu kuniambia niombe hela irudi. Steam, lile soko la gemu la mtandaoni, wanarudisha kama hujapitisha siku 14 tangu ununue na hujacheza kufika saa 2. Saa mbili! Kwenye gemu ambalo halijaisha, saa mbili zote zinaishia kuufundisha usukani kushoto ni upande gani. Ukija kuanza kuendesha, mlango wa kurudishiwa umeshafungwa.

Msiwalipe. Msiwape hata mia mpaka kile kioo kionyeshe kitu. Duka, wakuu. DUKA!

Gia_Namba_Tano:

Pole mkuu, umepigwa. Ila huu utaratibu wa Early Access, wa kuuza gemu kabla halijaisha, upo Steam tangu 2013, na wanaandika waziwazi kwamba gemu halijakamilika na huenda lisibadilike tena. Hukusoma?

Kona_Kali:

Nilisoma. Waliandika gemu halijakamilika. Hawakuandika kwamba duka ndilo litakamilika kwanza!

Mtoto_wa_Piti:

Hahaha wakuu, mimi naweka kambi hapa. Leo silali.

Mzee_Breki:

Tusiwatie wote kapu moja. Gemu la mbio la Assetto Corsa lilianza kuuzwa likiwa bichi Novemba 2013, Desemba 2014 likatoka kamili. Ndugu yake Competizione, Septemba 2018 mpaka Mei 2019. Watu walilipa mapema na mzigo ukafika. Hata Project CARS, wachezaji walichangia hela ikiwa bado inatengenezwa, 2015 ikaingia sokoni. Mimi kulipa mapema sikukatai. Nakataa kumlipa mtu ambaye hajawahi kumaliza kitu.

Klachi_Nusu:

Mzee, unachagua mifano mizuri tu. Wreckfest ilikaa jikoni tangu 2014 mpaka 2018! Watu wameanza kidato cha kwanza wamemaliza cha nne wanasubiri gemu la kugonganisha magari.

Mzee_Breki:

Na ilipotoka ilikuwa nzuri au mbaya?

Klachi_Nusu:

Nzuri. Lakini kidato cha nne!

Gia_Namba_Tano:

BeamNG.drive iko Steam tangu 2015 na bado ina lebo ya kutokamilika, mbona haina kesi? Kila apdeti inakuja na kitu cha kuchezea. Ukigonga ukuta gari linakunjika sehemu ile ile uliyogonga. Yule hata asipomaliza milele, nilicholipia nilikipata siku ile ile.

Kona_Kali:

Ndicho ninachosema! Mimi nilicholipia siku ile ile ni kioo cheusi!

Binti_Turbo:

Kaka, una usukani, una pedali tatu, una kiti cha mbio, halafu unalia kwa ajili ya kioo? Geuza shingo uangalie nyuma.

Kona_Kali:

Nikigeuza shingo naona kabati la nguo, dada. Gari liko kwenye skrini.

Mtoto_wa_Piti:

KABATI LA NGUO. Basi, nimekufa mimi.

Mpangaji_Sugu:

Nyie mna raha zenu. Mwenye nyumba wangu amechukua kodi ya miezi sita kwa mkupuo, choo hakina mlango. Kila nikimuuliza, fundi yuko njiani. Nimetundika khanga. Wageni wakija wanaimba wakiwa ndani ili mtu asiingie. Halafu mtu anafungua uzi wa kioo cha gari la kwenye kompyuta!

Klachi_Nusu:

Miezi sita? Mimi nilidaiwa mwaka mzima. Na dalali akachukua kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kunionyesha mlango.

Mpangaji_Sugu:

Wewe ulionyeshwa mlango, shukuru.

Mama_Vitenge:

Mimi aliyenitenda ni fundi cherehani. Hela yote kaidaka mwezi mmoja kabla, harusi Jumamosi. Ijumaa saa nne usiku ananitumia picha ya kitambaa, hata mkasi hakijagusa. Eti "dada umeme ulikatika". Mwezi mzima umeme ulikatika? Nimekwenda kwenye harusi ya mdogo wangu wa damu na gauni la kuazima, zipu haipandi, nimekaa na mtandio mgongoni mpaka keki inakatwa. Picha zote nimetoka kama mgonjwa.

Binti_Turbo:

Mama Vitenge, ni yule wa Kariakoo mwenye tepu shingoni na ahadi mdomoni? Usimtaje. Tunamjua. Blauzi yangu iko kwake mpaka sasa.

Mama_Vitenge:

Huyo huyo! Na kaongeza cherehani mbili, kapaka na kibanda rangi!

Kona_Kali:

Umeona? Kaongeza cherehani kabla ya kushona! Sawasawa na DUKA. Wakuu, turudi kwenye duka.

Gia_Namba_Tano:

Kwani zipu zinazoharibika harusini ni za fundi au za dukani?

Mama_Vitenge:

Za dukani. Tena za siku hizi ni karatasi.

Bwana_Tairi:

Mkuu Kona_Kali, huo usukani wako ni wa mkanda au wa gia? Kama umeshawakasirikia hivyo, mimi nina laki tatu, nauchukua na pedali.

Kona_Kali:

Siuzi! Usukani hauna kosa! Mimi nasema watu wasiwalipe wale jamaa, kuna duka linang'aa ndani ya gemu ambalo halijaisha, na hakuna hata mmoja hapa anayeshtuka?

Bwana_Tairi:

Laki tatu na nusu.

Mpangaji_Sugu:

Mwenye namba ya fundi mlango anayepokea hela baada ya kazi anitumie PM, tafadhali. Nipo Temeke.

Mama_Vitenge:

Na wa nguo pia. Nina sherehe nyingine mwezi ujao.