Mariano Rivera: kwa nini anaheshimiwa hivi na alikuwa anarusha iningi moja tu?

mgeni_wa_besiboli
Habari zenu wakuu. Huu ni msimu wangu wa pili kufuatilia besiboli ya Marekani na jambo moja linanitatiza. Mkitaja warushaji bora, jina la Rivera wa New York Yankees halikosi. Lakini mrushaji anayeanza mechi anabeba iningi sita au saba kati ya vipindi tisa vya mechi, huyu alikuwa anaingia ya tisa, anarusha mipira kumi na kitu, basi. Mliomwona mlikuwa mnaona nini?

iningi_ya_tisa
Karibu ndugu yangu. Nimemfuata mtu huyu mpaka alipostaafu 2013, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Anza na mpira wenyewe. Tangu 1997, alipougundua akirushiana tu na mwenzake Ramiro Mendoza, karibu kila alichorusha kilikuwa ni ule ule, mpira wa kukata. Unatoka mkononi umenyooka kama mpira wowote wa kasi. Ukikaribia kufika unahama inchi chache tu, unamwingia mpigaji wa mkono wa kushoto. Jamaa ameshazungusha gongo, hawezi kulirudisha. Mpira unaligonga pale karibu na vidole, gongo linapasuka, anakimbia na kipande cha mpini mkononi. Na alijua unakuja! Wapo waliozoea kupiga pande zote mbili ambao wakikutana naye walihamia kulia. Msimu wake wa mwisho, Minnesota Twins walimpa kiti kilichoundwa kwa magongo yaliyovunjika, na sijaona zawadi ya kuaga iliyomfaa mtu kama ile.

Kuhusu iningi moja: tafuta mechi ya saba ya mtoano dhidi ya Boston, Oktoba 2003. Alirusha iningi tatu, ya tisa hadi ya kumi na moja, hakuna aliyepata pointi. Mwenzake Aaron Boone alipopiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja na Yankees wakashinda, wenzake wote walimkimbilia Boone. Rivera alikimbilia kilima cha kurushia, akaanguka kifudifudi, akalia. Picha ile hainitoki.

Hesabu za mechi za mtoano utazikuta: iningi 141, pointi 11 tu za kuhesabiwa dhidi yake. Kumbuka hizo ndizo mechi ambazo timu dhaifu zimeshakwenda nyumbani.

mkono_wa_kushoto
Mimi ni wa Boston, na namheshimu kwa sababu nyingine. Mtoano wa 2004 tulikuwa nyuma ya Yankees mechi tatu kwa bila, mechi ya nne, iningi ya tisa, Rivera yuko kilimani. Kevin Millar wetu akapewa kituo cha kwanza bure, Dave Roberts akaingia kukimbia badala yake, akaiba cha pili, yaani akakikimbilia kabla mpira haujapigwa, Bill Mueller akapiga, ikawa sare. Tukaenda kuchukua ubingwa. Aprili 2005 Yankees walipokuja Fenway, uwanja wetu, siku ya kukabidhiwa pete zetu, uwanja mzima ulimshangilia kwa kumkejeli. Akacheka, akavua kofia, akatusalimu. Tangu siku ile nilishindwa kumchukia.

mgeni_wa_besiboli
Kumbe hata yeye alipigwa. Nilidhani hakuwahi kushindwa.

iningi_ya_tisa
Alishindwa, tena pabaya kabisa. Mechi ya saba ya fainali ya 2001 kule Phoenix, Yankees wanaongoza 2-1, iningi ya tisa. Alipopokea mpira ambao mpigaji aliugusa tu kwa gongo, akautupa vibaya kituo cha pili. Mwishoni Luis Gonzalez wa Arizona akapiga mpira ukadondokea nyuma kidogo ya Derek Jeter, mlinzi wa Yankees, ubingwa ukaenda Arizona. Niliumia wiki nzima. Yeye alirudi msimu uliofuata na mpira ule ule, akaendelea kuurusha miaka kumi na miwili mingine.

Ukipata muda leo, tazama mechi yake ya mwisho nyumbani, Septemba 26, 2013. Aliyetoka kwenda kumpokea mpira, yaani kumtoa mchezoni, hakuwa kocha. Walikwenda Andy Pettitte na Jeter, wenzake wa tangu 1995. Rivera alijiegemeza begani kwa Pettitte, na hakumwachia haraka.