Mrejesho: zile punje nyekundu za korongoni Kishapu

Wakuu, salaam. Mwezi wa tano niliuliza kama punje nyekundu za ganeti (aina ya madini) nilizookota korongoni ni dalili ya almasi (ukiishi jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, tamaa haikosi). Asanteni mlionijibu, hata yule aliyenicheka.

Nilimfuata mkuu aliyesema rangi inadanganya, kapime kemikali. Nikaosha mchanga kwa karai, nikaondoa vyuma kwa sumaku, nikachambua punje 40 kwa lenzi na kuzipeleka maabara. Punje 33 ni ganeti za kawaida, chuma kimejaa na kromi hakuna; hizo ni za miamba ya ganda la dunia tu. Saba zina kromi ya kutosha, yaani zimepanda kutoka kwenye mantli, tabaka lililo chini ya ganda la dunia, ambako almasi nyingi huundwa. Nikashangilia mapema! Kumbe kalsiamu yake nayo iko juu, wakati ganeti zinazoandamana na almasi mara nyingi huwa na kromi nyingi na kalsiamu kidogo. Nikeli, ambayo ingeonyesha joto la huko chini zilikotoka, sikupima. Hela ilikata.

Kosa kubwa ni langu. Mkuu mmoja alionya kila sehemu iwe na mfuko wake, nikapuuza, nikachanganya mchanga wa mikondo miwili kwenye ndoo moja. Sasa hizo saba sijui zimeshuka na mkondo upi.

Kiangazi narudi na mifuko yenye alama, nikipanda na kila mkondo peke yake. Leseni yangu ya madini sijaiachia.