Ushauri: kukadiria msimamo wa divisheni kwenye fantasi ya NBA baada ya drafti

Mwanzisha uzi
Wakuu, salaam. Ligi yetu ya fantasi (kila mmoja anachagua wachezaji halisi wa NBA kwenye drafti, takwimu zao za mechi zinakuwa za timu yake) ina timu 10, divisheni mbili za timu 5. Tunapambana ana kwa ana kila wiki kwa kategoria 9: pointi, ribaundi, asisti, stili, bloku, vikapu vya pointi tatu, asilimia ya mitupo, asilimia ya mitupo huru na kupoteza mpira. Mzunguko wa kawaida ni wiki 17: wa divisheni yako unakutana nao mara 3 kila mmoja, wa upande wa pili mara 1. Nimejumlisha wastani wa kila kikosi, timu moja imeziacha nyingine mbali, ila nahisi hesabu inanidanganya. Nipangeje 1 hadi 5?

KikapuWavu
Inakudanganya kweli, mkuu. Wiki 12 kati ya 17 ni za divisheni, yaani kategoria 108 kati ya 153. Chora jedwali la timu 5 kwa kategoria 9, kisha pambanisha jozi zote 10, moja moja. Anayeongoza pointi kwa 80 hapati zaidi ya anayeongoza kwa 1. Ndiyo maana kikosi kilichoamua makusudi kuziacha kategoria za mitupo huru na kupoteza mpira huonekana dhaifu kwenye jumla, halafu kikashinda kategoria 6-3.

Asilimia usizitafutie wastani wa majina. Jumlisha mitupo iliyoingia, gawa kwa iliyorushwa. Giannis Antetokounmpo msimu wa 2024-25 alipata 61.7% ya mitupo huru, akirusha zaidi ya 10 kwa mechi. Ukichukua 78% kuwa kawaida, kila mitupo 10 inakupunguzia mitupo 1.6 iliyopaswa kuingia. Mwenye asilimia hiyohiyo anayerusha 2 anakugharimu 0.3 tu.

BenchiLaMwisho
Naongezea: zidisha wastani kwa mechi utakazozipata kweli. Joel Embiid alicheza mechi 39 msimu wa 2023-24 na 19 uliofuata. Ukimwandikia 75, jedwali zima limeoza. Mechi atakazokosa usiziwekee sifuri, weka takwimu za mchezaji wa kuokota sokoni (asiyechukuliwa na timu yoyote ya ligi yenu), maana hakuna anayeacha nafasi wazi. Kama nafasi za kuanza ni 10 na siku hiyo wachezaji wako 12 wana mechi, wawili wanalala benchi na takwimu zao hazihesabiwi. Kagua ratiba kwa siku, si kwa wiki tu.

Mwanzisha uzi
Hapo nimewapata. Na kategoria zinazokaribiana sana?

KikapuWavu
Tofauti ikiwa chini ya 5%, mpe kila upande nusu. Stili na bloku mimi napanua hadi 10%: idadi zake ni ndogo, usiku mmoja wa bloku 6 unageuza wiki. Kupoteza mpira angalia kinyume, mwenye mechi nyingi ndiye anayeumia.

Ukimaliza, zidisha matokeo ya kila jozi kwa 3, ongeza mechi 5 dhidi ya divisheni ya pili, ndipo upange.

BenchiLaMwisho
Wawili wakifungana, fungua mipangilio ya ligi kwanza. Kuna ligi zinazotazama matokeo yao wenyewe kwa wenyewe na kuna zinazotazama rekodi ya divisheni. Nafasi ya 2 na ya 3 zinaweza kubadilishana kwa kipengele hicho tu. Halafu rudia jedwali baada ya dirisha la uhamisho la NBA mwezi Februari, dakika za watu hubadilika sana hapo.