Picha za bahari nyeusi na nyeupe: uhariri wa kiasi ni upi?

Mdau_wa_Lenzi

Habari zenu wakuu. Nina faili la RAW (data ghafi ya kamera) la ngalawa iliyokaa mchangani Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, alfajiri, maji kupwa. Lenzi 24 mm, f/11, ISO 100, filta ya ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga) ya stopu 6, kila stopu ikipunguza mwanga nusu, sekunde 20. Nataka kuitoa nyeusi na nyeupe, nzito, yenye sura ya mvua inayokuja, halafu iingie kwenye shindano la picha za mandhari.

Kuna mambo mawili. Nikivuta slaida ya bluu chini kwenye programu ya kuhariri ili anga liwe jeusi, linajaa chenga (nukta-nukta) na mlingoti unazungukwa na utepe mweupe. La pili: anga la asubuhi ile lilikuwa tupu kabisa, na ninayo mawingu ya siku nyingine, pwani ileile, lenzi ileile, natamani kuyabandika. Nyuma ya ngalawa kuna vigingi vya mwani, mbele kuna chupa ya plastiki, vyote natamani kuvifuta. Kanuni za shindano zinasema "uhariri wa kiasi unaruhusiwa", basi. Kiasi ni kipi?

Fundi_Shata

Nianze na chenga, maadili nawaachia wenye subira.

Slaida ya bluu haijui anga ni nini. Inapima kila pikseli ina ubluu kiasi gani kisha inaitia giza kwa kiwango hicho. Anga la alfajiri karibu na upeo ni kijivu chenye rangi kidogo mno, kwa hiyo pikseli mbili zilizokaa jirani, moja inahesabiwa bluu, nyingine haihesabiwi. Ukivuta hadi -60 tofauti hiyo ndogo inageuka kuwa chenga. Ule utepe wa mlingoti ni kitu hichohicho: pikseli za ukingoni zimechanganya rangi ya mti na ya anga, na lenzi pana huongeza kivuli cha zambarau pale, basi slaida inazikamata nusunusu.

Kabla ya kugeuza picha, safisha chenga za rangi na washa marekebisho ya kasoro za rangi za lenzi. Bluu usishuke chini ya -25 hivi. Giza lililobaki litoe kwa maski ya mteremko kutoka juu (giza linalofifia kadiri linavyoshuka), ekspoja (mwangaza) -0.7, halafu nyingine fupi zaidi ya -0.5 juu yake. Mbili nyepesi hazionekani, moja nzito inaacha mpaka. Ukipeleka Photoshop peleka ya biti 16. Ya biti 8 ina ngazi 256 tu kutoka weusi hadi weupe, na ukishazikandamiza kwenye anga jeusi utaona mistari kama ya ramani ya vilima. Mwisho kabisa ongeza punje kidogo sawasawa juu ya picha nzima, zinafunika mistari iliyosalia.

Safari ijayo usipige giza kwenye kamera kwa sababu tu picha ya mwisho itakuwa giza. Sukuma histogramu (grafu ya mwangaza) kulia hadi povu linakaribia kuungua, yaani kuwa jeupe tupu, ndipo usimame. Weusi unatengenezwa baadaye kutoka kwenye data safi. Ukiinua vivuli vilivyopigwa gizani unavuna takataka.

Kuhusu muda wa shata (lango la mwanga la kamera) kukaa wazi: nusu sekunde hadi moja, wimbi linaporudi, povu linabaki na nyuzi zake. Sekunde 20 hadi 30 maji yanakuwa ukungu. Dakika 2 na zaidi bahari inalala kama bati. Stopu 6 ni mara 64, stopu 10 ni kama mara 1,000, yaani kipimo cha 1/60 kinakuwa sekunde 17. Fokasi kwanza, iweke kwenye hali ya mkono ili kamera isiibadilishe yenyewe, ndipo uvalishe filta. Miguu ya tripodi ididimize mchangani mwenyewe kabla wimbi halijakufanyia hivyo katikati ya ekspoja.

Chumba_cha_Giza

Mkuu Mdau, mawingu ya siku nyingine yaache. Hiki kisa chako kimeshatokea karibu kilivyo. Mwaka 2012 shindano la Uingereza la Landscape Photographer of the Year lilimvua mshindi ushindi wake, na pauni 10,000 zikaenda kwa mwingine. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, mashua kuukuu zimekaa pwani ya Lindisfarne, ngome kwa nyuma. Watazamaji walihoji mwanga, na mpigaji mwenyewe akakubali kwamba aliongeza mawingu na kufuta vitu vidogo, vyote viwili vikiwa nje ya kanuni. Kugeuza rangi kuwa nyeusi na nyeupe hakukuwa tatizo hata kidogo.

Watu hudhani nyeusi na nyeupe inaficha anga la kuazima. Inaficha kitu kimoja tu, tofauti ya rangi. Vingine vyote vinabaki. Maji yako yamelainika kwa sekunde 20, mawingu uliyopiga kwa 1/125 yana kingo kali: mtu mzoefu anaona hilo kabla hajamaliza kunywa chai yake. Mchanga uliolowa wakati wa kupwa ni kioo, nao unaonyesha anga tupu huku juu kumejaa mawingu. Na Jambiani jua linatoka baharini, kwa hiyo asubuhi mawingu yaliyo mbele yako yana mwanga kwa nyuma. Ukibandika ya jioni yatang'aa usoni.

"Uhariri wa kiasi" maana yake hawajaandika kanuni. Waandikie barua pepe, uliza mawili: je, pikseli zote lazima zitoke kwenye faili moja, na je, kuondoa kitu kunaruhusiwa? Hifadhi jibu. Mashindano makubwa humtaka aliyefika mwisho alete RAW, na pale maelezo marefu hayasaidii.

Kaskazi_Safi

Mimi napinga kidogo, maana mnazungumza kama anga la kuazima limeletwa na Photoshop. Gustave Le Gray alifanya hivyo miaka ya 1850 kule Ufaransa. Kolodioni, kemikali iliyopakwa kwenye vioo vya negativu wakati ule, iliukamata mwanga wa bluu kupita kiasi, kwa hiyo ukipima bahari sawasawa, anga linatoka jeupe tupu. Akapiga negativu mbili, moja ya maji na nyingine ya mawingu, akaziunganisha kwenye mstari wa upeo wakati wa kuchapa. Mawingu yaleyale yanaonekana kwenye picha zake za bahari tofauti. Leo hizo ziko makumbusho na hakuna anayemwita mwongo.

Tena hiyo sekunde 20 yenyewe ni nini? Hakuna jicho lililowahi kuona bahari ya ukungu. Mmeshapiga mhuri kwenye uongo mmoja, mnakataa wa pili.

Chumba_cha_Giza

Hoja nzuri, ila umechanganya vitu viwili. Sekunde 20 ni mwanga uliofika kwenye kamera ile asubuhi ile, umekusanywa tu, na kila mtazamaji wa picha za bahari anajua hivyo. Mawingu ya Jumanne juu ya maji ya Jumamosi, mtazamaji hana habari nayo mpaka umwambie. Le Gray alikuwa anauza picha za sanaa, hakuwa anajibu kanuni za shindano. Ndugu yetu akitaka kuiuza ukutani kama kazi ya kuunganisha, na aandike hivyo, mimi sina neno.

Bint_Mkunguni

Mmezungumza mawingu mpaka mkasahau vigingi, na kwangu hivyo ndivyo vizito zaidi.

Chupa ilielea ikaja, kesho haipo. Kwa hiyo ilikuwa rahisi kuiokota kabla ya kupiga, na hakuna kanuni inayokataza kuokota takataka. Vigingi ni shamba la mtu. Mwani unalimwa upande ule wa Unguja tangu mwaka 1989, na wengi wa wakulima ni akina mama. Ukifuta vigingi umetengeneza ufuo mtupu ambao haupo, halafu ukauita Jambiani. Huo ndio ufuo wa mabango ya hoteli.

Na kwa jicho la picha tu, kaka, mbona unavitoa? Kwenye nyeusi na nyeupe safu ya vigingi juu ya maji yaliyolainika ndiyo inayompeleka mtu kutoka ngalawa hadi kwenye mwamba. Kama vinagombana na tengo (mti wa pembeni wa ngalawa), hiyo ni kazi ya miguu: sogea hatua mbili, shusha kamera kidogo. Kuna mtu shambani? Omba ruhusa. Hata akiwa kivuli, majirani zake watamjua.

Mdau_wa_Lenzi

Nashukuru sana. Mawingu nimeyaacha, vigingi vinabaki. Moja la mwisho: ngalawa ikiwa inaelea, sekunde 20 inakuwa ukungu nayo. Nikipiga fremu ya 1/250 kwa ajili ya chombo na ya sekunde 20 kwa maji, tripodi haijasogezwa, nikaziunganisha, hiyo ni sawa?

Fundi_Shata

Kanuni nyingi za mandhari zinakubali fremu kadhaa za mahali na wakati uleule, lakini za picha za habari hazikubali, kwa hiyo nalo liweke kwenye ile barua pepe. Kiufundi linasumbua: chombo kinaacha ukungu mpana kuliko chenyewe, ukibandika kile kikali juu yake unaona mzimu pembeni.

Rahisi zaidi ni kusubiri maji yaondoke. Nenda siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo na siku moja au mbili baada yake. Maji yakishuka, ngalawa inakaa chini huku maji ya kifundo cha mguu yakiwa bado yameizunguka. Kuna dakika chache ambazo haitikisiki tena na bado inaakisi. Fremu moja, sekunde 20. Ikianza kulalia tengo la upande mmoja ujue umechelewa.