Naomba ushauri: chumba cha taharuki kinachekesha watu

Hamjambo wanakikundi. Narekodi filamu fupi ya taharuki, dakika 8, na nimekwama kwenye mandhari. Tuko ndani ya bedsita (chumba kimoja cha kupanga) huko Umoja, Nairobi: pazia la kutenga kitanda na jiko, mtungi wa gesi, kalenda ya bucha ukutani. Mhusika anaishi peke yake. Anarudi usiku, anakuta mezani kikombe cha chai bado kinafuka mvuke.

Nilipowaonyesha marafiki, walicheka. Mmoja akauliza kama ina tangawizi!

Nimezima taa ya chumba, nikabakiza ya korido inayopenya chini ya mlango. Hapo palisaidia kidogo. Nikaongeza kisu na kamba, pakawa kama duka la hadweya. Najua mwongozaji Hitchcock katika filamu yake Suspicion (1941) aliweka taa ndani ya glasi ya maziwa ili macho yasibanduke hapo, lakini kikombe changu ni cha bati.

Je, nitumie glasi, au niondoe vitu vingine kikombe kibaki peke yake? Na lile pazia, litikisike kidogo au litulie tuli? Tunarudia Jumamosi, na mwenye ploti ametupa mwisho saa nne usiku.